Ukungu ukutani majira ya baridi: tafuta maji kwanza, jiki baadaye

Kuanzia Novemba hadi Machi, malalamiko ya Waswahili wanaoishi Uingereza huwa yanafanana: kona ya chumba imeota weusi, tumesugua kwa jiki, baada ya wiki chache umerudi. Ushauri nao huwa mmoja, nunua dawa kali zaidi. Dawa inaua ukungu unaouona leo, lakini maji yaliyouotesha yanabaki pale pale. Mbegu za ukungu zimo kwenye hewa ya kila nyumba, ya msafi na ya mchafu. Chakula chake nacho kipo tele: rangi, karatasi ya ukutani, vumbi, mbao, ngozi ya viatu. Kinachosubiriwa ni unyevu tu. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inatafuta jibu la swali moja: haya maji ni mvuke wetu wenyewe, ni mvua inayopenya kutoka nje, au ni bomba linalovuja?

Nyumba za kwetu hazikutuzoesha kuuliza hivyo. Dar, Mombasa, hata Njombe kwenye baridi, nyumba nyingi zina matundu ya hewa yasiyofungika juu ya dirisha, mlango unashinda wazi, na jiko mara nyingi liko uani. Nyumba inapumua bila kuambiwa. Flati ya huku yenye madirisha ya vioo viwili na mipira mizima milangoni haipumui mpaka mtu aifungulie.

Kabla ya dawa yoyote, nunua kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha kuweka mezani. Cha bei ya chini kinatosha. Kisome asubuhi na usiku, chumbani na sebuleni. Kati ya asilimia 40 na 60 ni pazuri. Ikikaa juu ya 65 siku baada ya siku, anza kuushuku mvuke wa ndani. Na ukungu hausubiri ukuta utiririke. Chumba kikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, sehemu yoyote ya ukuta iliyopoa chini ya nyuzi 15 na nusu hivi inaweza kuotesha, hata kama mkono hauhisi maji. Shusha unyevu hadi asilimia 50, na ukuta ule ule unaweza kupoa hadi karibu nyuzi 12 na nusu kabla ya hatari kuanza.

Usianze kazi kama kuna hali hizi

Maji yakiwa karibu na soketi, swichi, taa ya dari au boksi la umeme, zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia bila kukanyaga maji, kisha ita fundi umeme. Maji ya choo au ya bomba la uchafu si ya kufuta mwenyewe. Ukungu ulioenea zaidi ya mita 1 ya mraba ni kazi ya wenye vifaa. Dari lenye rangi nzito ya mikunjo-mikunjo, kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 2000, usilikwangue wala kulipiga msasa: huenda lina asbestosi, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa 1999. Na mwenye pumu, mjamzito, mtoto mchanga, mzee, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano aliye kwenye matibabu ya saratani, asisafishe na asikae chumbani humo wakati wa kusafisha. Kama kuna mtu nyumbani anayekohoa au kubanwa kifua usiku, mpeleke kwa daktari na umtajie daktari hali ya ukuta. Asipoambiwa, hawezi kujua.

"Vioo vinatoka jasho kila asubuhi, na mipira ya dirisha imekuwa myeusi"

Sababu inayoongoza ni chumba kufungwa usiku kucha watu wakiwa ndani. Angalia juu ya fremu ya dirisha: mara nyingi kuna kitundu chembamba cha hewa chenye kifuniko cha plastiki cha kusukuma. Nimeona vingi vimezibwa kwa selotepu ili baridi isiingie. Vifungue, viache wazi. Asubuhi futa vioo na ukamue kitambaa kwenye sinki. Ukikianika kwenye redieta, yale maji umeyarudisha hewani.

Kisha fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika 10. Hapa ndipo watu wanapobisha: hewa ya nje ina mvua, itakaushaje? Hewa baridi hubeba maji machache. Hewa ya nyuzi 5 yenye unyevu wa asilimia 90, ikiingia na kupashwa moto hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 34. Hewa mnayoitoa ndiyo iliyojaa maji. Dakika chache za dirisha wazi hubadilisha hewa kabla kuta hazijapoa, ilhali dirisha lililoachwa upenyo mchana kutwa hupoza ukuta unaolizunguka na kumaliza salio la gesi.

Sababu ya pili ni nguo kuanikwa ndani. Mzigo mmoja wa mashine hutoa takriban lita 2 za maji, na yote yanakwenda hewani. Kama hamna pa kuanika nje, anikeni bafuni, mlango ufungwe na feni iwake, au chumba kimoja chenye dirisha wazi. Juu ya redieta za sebuleni, hapana.

Ya tatu ni jikoni. Maharage, makande na supu ya kongoro huchemka saa nyingi, na mvuke wake hauishii jikoni: unatembea mpaka chumba chenye baridi kuliko vyote, ambacho kwa kawaida ni kile cha mgeni kisichowashwa redieta. Funika sufuria, tumia presha kuka, funga mlango wa jikoni, washa feni.

Ya nne haitajwi sana, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: hita ya mtungi wa gesi au ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutoa moshi. Gesi ikiungua inatoa maji. Mtungi wa kilo 15 ukiisha, umeacha zaidi ya lita 20 za maji ndani ya nyumba. Hita hizo pia zinaweza kutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa nusu saa, hata limebakiza makaa tu. Kichwa kikiuma nyumba nzima na kikipoa mkitoka nje, zimeni moto, tokeni, na pigeni simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Kama ukungu wa mvuke uko katikati ya vioo viwili, mahali ambapo kitambaa hakifiki, basi kioo chenyewe kimepoteza muhuri wake. Hicho ni cha kubadilishwa, na mtindo wenu wa kuishi hauhusiki.

"Kona ya chumba cha kulala imeota weusi, na nyuma ya kabati ndiyo balaa"

Hii ndiyo inayowatesa wengi. Jambo la kwanza ni kutambua ukuta ulioathirika unapakana na nini. Ukiwa ni ukuta wa nje, hasa unaotazama kaskazini, na weusi umetawanyika kama vidoa vidogo bila mpaka, tena kwenye kona za chini na za juu, ni mvuke wa ndani ulioganda kwenye ukuta baridi. Kona ina baridi kuliko ukuta wote kwa sababu inapoteza joto pande mbili na hewa ya chumba haizunguki hapo.

Kinachofuata ni samani. Kabati lililobanwa ukutani linauzuia ukuta kupata joto la chumba huku likiacha mvuke upite nyuma. Livute sentimita 5 hadi 10, na kama inawezekana lihamishie ukuta wa ndani, ule unaopakana na chumba kingine. Masanduku yenye nguo za kupeleka nyumbani, yaliyorundikwa konani tangu Agosti, yana tatizo hilo hilo. Godoro lililolazwa sakafuni hunyonya jasho la usiku na kuota ukungu upande wa chini. Liwekwe kwenye chaga, na asubuhi usitandike mara moja, liache lipate hewa.

Halafu joto. Najua gesi ni ghali, na mwenye mita ya kuweka salio kama LUKU anaziona pauni zikiyeyuka. Lakini kuwasha kwa nguvu kwa muda wa saa mbili tu jioni na kuzima kabisa kunaacha kuta baridi huku hewa ikiwa ya moto iliyojaa maji, mchanganyiko mbaya kuliko wote. Joto dogo la mfululizo, karibu nyuzi 18 kwenye vyumba mnavyoishi, hufanya kazi vizuri zaidi. Chumba kisichotumika kisiachwe kigande; weka redieta namba ya chini na ufunge mlango.

Ukiwa umefanya yote hayo wiki mbili na kipimo bado kiko juu, ndipo mashine ya kunyonya unyevu ina maana. Zipo za aina mbili. Zenye kompresa hufanya kazi vizuri kwenye chumba chenye joto, ila chini ya nyuzi 15 hivi zinalegea. Zile za kutumia kikaushio zinavumilia baridi lakini zinakula umeme zaidi. Vikopo vya chembechembe vinavyouzwa madukani vinafaa ndani ya kabati. Kwa chumba kizima ni kujifariji.

Sababu isiyo ya kawaida sana, ila ipo: sufi ya kuhifadhi joto darini haikufika ukingoni, au ukuta hauna kabisa. Dalili yake ni mstari wa weusi unaofuata mahali ukuta na dari vinapokutana, chumba cha juu, hata kama unyevu wa hewa ni asilimia 50. Hapo hakuna tabia ya mpangaji itakayotibu. Ni mkaguzi wa majengo.

"Dari la bafu limejaa madoa"

Chukua karatasi moja ya chooni, ishike kwenye feni inayowaka. Ikining'inia yenyewe, feni inavuta. Ikianguka, zima umeme wa feni kwenye swichi yake ya juu ya mlango na ufute vumbi la kwenye wavu. Jaribu tena. Ikiendelea kuanguka, huenda bomba lake limechomoka na linatapika mvuke darini badala ya nje. Hiyo ni kazi ya fundi. Feni nzima iwake wakati wa kuoga na dakika 15 hadi 20 baada yake, na mlango wa bafu ufungwe. Silikoni iliyoingia weusi mpaka ndani haisafishiki: ikatwe, pakaushwe, ipigwe mpya.

"Kuna doa moja la kahawia, linakua mvua ikinyesha"

Doa lenye mpaka na rangi ya chai si mvuke. Andika tarehe za mvua na utazame kama linatanuka siku hiyo au ya pili yake.

Likifuata mvua, toka nje wakati inanyesha utazame ukuta ule ule kwa upande wa pili. Sababu ya kwanza ni gata lililoziba majani au bomba la kushusha maji lililopasuka, na utaona ukuta umelowa mstari mrefu. Kisha vigae vya paa vilivyohama, saruji ya kati ya matofali iliyomomonyoka, kingo za dirisha zilizopasuka. Mara chache ni uchafu wa ujenzi ulionaswa kwenye uwazi ulio kati ya tabaka mbili za ukuta, ukavusha maji kutoka tabaka la nje hadi la ndani. Kazi ya kwako inaishia kwenye kupiga picha ukiwa chini. Ngazi na paa lenye maji ni vya fundi mwenye vifaa.

Lisipofuata mvua, shuku bomba. Funga mifereji yote, soma mita ya maji, subiri saa moja, soma tena. Ikisogea, kuna uvujaji. Kwa mabomba ya kupasha joto, tazama saa ya presha kwenye boila: ikishuka chini ya baa 1 kila mara baada ya kujazwa, maji yanapotelea mahali. Kuongeza maji kila wiki bila kutafuta kunakoenda ni kuulisha ukungu. Kifuniko cha boila asikifungue mtu asiye kwenye orodha ya Gas Safe, yaani mafundi wa gesi waliosajiliwa.

"Unyevu uko chini tu, karibu na skating (ubao wa chini ya ukuta)"

Hapa kuna biashara kubwa ya woga. Anakuja mtu na kifaa cha pini mbili, kinalia, anakwambia maji yanapanda kutoka ardhini na ukuta unahitaji kuchomwa sindano za kemikali. Kifaa hicho hulia pia kwenye chumvi na kwenye mvuke uliotulia juu ya ukuta. Kwa hiyo kabla ya kumlipa yeyote, tazama nje. Udongo, zege au bustani vinatakiwa viwe milimita 150 chini ya ule utando wa kuzuia maji uliomo kwenye msingi. Mtu akishamwaga kokoto au kujenga baraza juu yake, mvua ina daraja la kupandia. Matofali ya matundu yaliyo chini ya ukuta nayo yasizibwe, maana sakafu ya mbao hupumulia hapo.

Unyevu wa kweli wa kutoka ardhini hauvuki sana mita 1, unaacha mstari wa chumvi nyeupe, na kwa kawaida haukai na ukungu mweusi, kwani chumvi hizo haziupendezi. Weusi karibu na skating, nyuma ya sofa, kwa hiyo unakurudisha kwenye mvuke. Ukibaki na shaka, mlipe mkaguzi wa majengo asiyeuza dawa wala sindano.

"Tumesafisha, tumepaka rangi, umerudi"

Sababu kuu mmeshaisoma: maji hayakuguswa. Ya pili ni kupaka rangi juu ya ukungu ulio hai. Rangi huchubuka na weusi unatokeza. Ya tatu ni jiki kwenye lipu. Kwenye vigae na kioo inafaa. Kwenye ukuta unaonyonya, klorini hubaki juu ikapausha rangi ya ukungu, na maji yake yanazama ndani.

Usafishaji wenyewe uko hivi. Fungua dirisha, funga mlango, toa nguo na matandiko. Vaa glavu, miwani ya kufunika macho na barakoa ya FFP2 au FFP3, maana ya kitambaa haizuii mbegu. Usipige brashi kavu wala kufagia. Utazirusha nyumba nzima. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, au dawa ya kuua ukungu iliyo na namba ya kibali cha HSE, mamlaka ya afya na usalama ya Uingereza, kwenye chupa, na uache muda ulioandikwa. Kitambaa kitie kwenye mfuko, ufunge, utupe. Ukuta ukauke kabisa, siku kadhaa, ndipo rangi. Karatasi ya ukutani iliyoota na zulia lililolowa havioshwi, vinatolewa.

Jiki isichanganywe na siki, wala dawa ya choo, wala chochote chenye amonia. Mchanganyiko hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu dogo halina pa kuikimbilia.

"Harufu ipo, ukungu hatuuoni"

Tazama ndani ya viatu vya ngozi na mikoba, chini ya godoro, nyuma ya mashine ya kufulia, chini ya sinki, na pembe za zulia karibu na ukuta wa nje. Harufu ikiwa kali zaidi karibu na mlango wa dari, mwombe fundi aangalie huko juu kabla ya kubomoa kitu.

"Mwenye nyumba anasema ni kosa letu, hatufungui madirisha"

Huenda ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana kipimo ni silaha yenu. Andika tarehe, saa, joto na unyevu kwa wiki mbili, piga picha zenye tarehe, na utume kwa barua pepe. Simu haiachi ushahidi. Hewa ikiwa asilimia 50 na ukuta bado unaota, suala la madirisha limekwisha.

Awaab Ishak alikuwa na miaka 2 alipofariki Rochdale, Desemba 2020. Baba yake alilalamikia ukungu tangu 2017, akaambiwa aupake rangi. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kuwa mtoto aliuawa na ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu na ukungu ule. Sheria yenye jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na vyama vya nyumba: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika. Aliyepanga kwa mtu binafsi ana sheria ya 2018 inayodai nyumba iwe inafaa kuishi binadamu, na anaweza kuita maafisa wa afya ya mazingira wa halmashauri waje wakague. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Usiache kulipa kodi ya nyumba ili kumshinikiza mwenye nyumba. Deni la kodi linampa sababu ya kukutoa kabla ukuta haujashughulikiwa. Ofisi za Citizens Advice na shirika la Shelter hutoa ushauri bure. Nenda na zile picha, vipimo na barua pepe zako.